Mlango wa kabini uliopasuka kando ya gundi: kisa cha mashua moja ya Tanga

Mwishoni mwa mwezi Desemba nahodha mmoja, ambaye mashua yake ya injini hubeba mizigo kati ya Tanga na Pemba, alinifikia karakanani akiwa na mlango wa kabini alioufunga kwa kamba ya manila mara tatu ili usifumuke njiani. Aliutua mezani, akajifuta jasho, akaniambia, "Fundi, nitafutie gundi kali kuliko hii iliyomo, maana hii imeshindwa." Nimeona niandike kisa hiki kwa kirefu kwa sababu ombi hilo lilibeba kosa lilelile lililouharibu mlango. Sehemu kubwa ya gundi iliyokuwemo ilikuwa imeshika barabara, na pale iliposhika ndipo hasa mlango ulipovunjika.

Mlango wenyewe ni wa fremu na paneli, wa mbao za mtiki, wenye urefu wa sentimita 142, upana wa sentimita 62 na unene wa milimita 38. Una miimo miwili ya wima, kila mmoja ukiwa na upana wa sentimita 9, na mbao tatu za mlalo: ya juu, ya kati na ya chini. Katikati yake zimekaa paneli mbili zilizoingizwa kwenye mifuo iliyochimbwa ndani ya kingo za fremu. Fundi aliyeutengeneza mara ya kwanza, zaidi ya miaka 20 iliyopita kwa maelezo ya nahodha, alikuwa anaijua kazi yake. Ndimi za mbao za mlalo, yaani ncha zilizopunguzwa unene ili ziingie kwenye matundu ya miimo, zilichongwa kwa theluthi moja ya unene wa ubao, mabega yake yalikaa bila mwanya, na gundi aliyotumia ilikuwa ya risosinoli, ambayo hujitambulisha hata baada ya miaka mingi kwa mstari mwembamba wa rangi ya damu iliyokauka. Gundi hiyo huvumilia maji ya bahari na hata maji yanayochemka, lakini hudai maungio yaliyochongwa kwa usahihi na kubanwa kwa nguvu. Hayo yote mlango huu uliyapata, isipokuwa mahali pawili nitakapoeleza.

Matengenezo ya kwanza yalifanywa na fundi mwingine mwezi Mei wa mwaka uliotangulia, katikati ya masika. Kona ya chini upande wa bawaba ilikuwa imeanza kufumuka, na paneli zilikuwa zikicheza ndani ya mifuo na kugonga kila chombo kilipopanda wimbi. Fundi huyo alimimina ipoksi, gundi ngumu ya kuchanganywa na kigandishi, kwenye kona, akaipitisha pia kuzunguka paneli zote mbili mpaka mifuo ikajaa, kisha akapiga skrubu mbili za chuma kupitia mwimo mpaka ndani ya ulimi wa chini. Nahodha alinieleza kwamba kwa miezi kadhaa mlango ulikuwa kimya na imara kama jiwe, na kwamba alimsifu fundi huyo kwa watu. Simlaumu nahodha kwa sifa hizo, kwa kuwa mlango usiotoa sauti baharini ni starehe kubwa kwa mtu anayelala kabinini.

Jambo la kwanza nililofanya ni kufungua kamba, kulaza mlango juu ya meza na kuukagua kwa tochi iliyolazwa karibu na uso wa mbao, ili mwanga upite kwa ubavu na kila ufa utupe kivuli chake. Paneli ya juu ilikuwa na ufa mmoja uliotoka juu hadi chini. Paneli hiyo iliundwa kwa mbao mbili zilizounganishwa kingo kwa kingo, na macho yangu yalitarajia kuona ufa ukifuata mstari wa maungio hayo, kama wengi wanavyodhani hutokea gundi inapozeeka. Ufa haukufuata mstari huo. Ulikuwa umekimbia sambamba nao, milimita 4 au 5 pembeni, ndani ya mti mzima, na nilipoingiza wembe katika ufa nikauchungulia kwa kioo cha kukuzia niliona nyuzi za mti zilizochanika zikisimama kama manyoya ya brashi. Mstari mwekundu wa gundi ya zamani ulikuwa pale pale, mzima kabisa, ukiutazama ufa kwa jirani.

Ufa wa namna hiyo una maana moja tu kwa anayeusoma. Mti ulivutwa kwa nguvu kutoka pande mbili, na ulipokosa pa kujiachia ulichanika mahali palipokuwa dhaifu zaidi kuliko gundi. Kilichobaki kilikuwa kujua nani aliyeuvuta. Nilipima mwanya kati ya paneli na mfuo kwa karatasi nyembamba ya bati, nikakuta hakuna mahali hata pamoja ambapo bati lilipenya. Paneli ilikuwa imegandishwa kwa ipoksi kwenye mwimo wa kushoto na kwenye mwimo wa kulia.

Hapa sina budi kueleza tabia ya mti, kwa kuwa kisa chote kimesimama juu yake. Ubao hubadilika kidogo mno kwa urefu wake, lakini kwa upana huvimba unapopata unyevu na kusinyaa unapokauka. Mtiki husifiwa kwa utulivu, na sifa hiyo ni ya haki ukiulinganisha na mbao nyingi, ila utulivu huo si sawa na kutosogea. Ubao wa mtiki uliopasuliwa kwa namna ya kawaida hubadilika kwa karibu sehemu 2 katika 1,000 za upana wake kwa kila asilimia moja ya unyevu inayoongezeka au kupungua ndani yake. Paneli hii ilikuwa na upana wa takriban sentimita 46 pamoja na sehemu zinazoingia kwenye mifuo. Kwa mlango wa kabini, ambao uso mmoja hupigwa na jua la kaskazi na mwingine hupumua hewa ya ndani ya chombo, unyevu wa mti unaweza kutoka asilimia 16 wakati wa masika na kushuka hadi asilimia 10 katika jua la Januari na Februari. Tofauti hiyo ya asilimia 6 huifanya paneli isinyae kwa karibu milimita 5. Fundi wa awali aliacha nafasi katika mifuo kwa ajili ya milimita hizo, na kugonga kwa paneli kulikomkera nahodha kulikuwa ndiko kupumua kwa mlango. Aliyefuata aliziba nafasi hiyo, na kibaya zaidi aliiziba mwezi Mei, paneli zikiwa zimevimba kwa upana wao wote, kwa hiyo kaskazi ilipofika hazikuwa na njia nyingine isipokuwa kupasuka.

Paneli ya chini ilikuwa na nyufa mbili, na hali yake ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu hupigwa na maji yanayoruka juu ya sitaha. Nyufa zilipofunguka ziligeuka midomo ya kunywea. Masika iliyofuata maji yaliingia kupitia humo, paneli ikavimba upya ikiwa bado imeshikwa pande zote mbili, na sasa ikaanza kusukuma miimo nje badala ya kuivuta ndani. Kona ya chini upande wa bawaba, ambayo tayari ilikuwa na historia yake, ikaachia kwa milimita 4. Miezi michache baadaye mlango ukaanza kusugua kizingiti cha chini, nahodha akawa anaufungua kwa bega, na siku moja bawaba ya chini ikang'oka na skrubu zake.

Kwenye kona hiyo, kwa haki yote, ipoksi ilishindwa kweli. Ilimiminwa juu ya mti uliolowa na wenye chumvi, kwenye maungio yasiyofunguliwa wala kusafishwa, na nilipoitoa ilibanduka kwa vipande virefu vyenye uso laini unaong'aa, bila hata unyuzi mmoja wa mti uliong'ang'ania. Skrubu za chuma zilikuwa zimeliwa na kutu mpaka zikabaki nyembamba kama njiti, na mti uliozizunguka ulikuwa mweusi na mlaini kiasi cha kukwanguliwa kwa ukucha. Mguu wa mwimo nao ulikuwa umeoza kwa kiasi cha sentimita 6 kutoka chini. Mtiki hauozi upesi namna hiyo, lakini mwimo huo ulikuwa na ukanda wa mti mweupe wa nje, ambao hauna kinga ya kiini, na fundi wa awali aliuweka chini, mahali pabaya kuliko pote. Hilo ndilo kosa pekee nililomkuta nalo mpaka hapo.

Wazee wetu wa mwambao walilijua jambo hili la mti kuhitaji kusogea pengine kuliko sisi tunaonunua ipoksi kwa kopo. Mitepe (vyombo vya kale vya tanga) iliyosafiri kutoka Lamu na Pate ilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari wa chuma, na mbao zake ziliweza kujinyonga kidogo juu ya wimbi kisha zikarudi. Sisemi turudi kushona milango. Nasema kwamba kushika mti bila kuukaba ni elimu ya zamani sana katika pwani hii, na inasikitisha kuiona ikipotea kwa sababu tu tumepata gundi zenye nguvu.

Nahodha alitaka nimwambie kama ingekuwa nafuu kutengeneza mlango mpya. Nilimjibu, "Mzee nahodha, robo tatu ya mlango huu ni nzima kuliko mbao utakazozipata leo," na nilimaanisha hivyo. Mtiki unaovunwa katika mashamba yetu, kama ule wa Longuza kule Muheza, ni mbao nzuri, ila miti inapokatwa ikiwa bado michanga kiini chake huwa chembamba na mafuta yake huwa machache. Mlango huu ulikuwa na mbao za kiini zenye nyuzi zilizokaribiana, na sikuwa tayari kuzitupa. Tulikubaliana kwamba nitafungua kile tu kinachohitaji kufunguliwa.

Uamuzi mgumu ulikuwa hapo. Paneli haziwezi kutolewa bila kuondoa angalau mwimo mmoja. Mwimo wa upande wa kitasa ulikuwa mzima katika maungio yote matatu, nikauacha. Mwimo wa upande wa bawaba ulikuwa na ungio la chini lililokwisha kuachia, na ungio la kati lililotikisika kwa sababu ulimi wake ulipata gundi kidogo mno, ambalo ni kosa la pili la fundi wa awali. Ungio la juu, hata hivyo, lilikuwa imara kabisa kwa risosinoli, na gundi hiyo haiyeyuki kwa moto wa kadiri, wala kwa maji ya moto, wala kwa siki kama gundi nyeupe ya kawaida. Kulilazimisha kwa nyundo kungepasua mwimo. Nilichagua kukata ulimi wake kwa msumeno mwembamba, nikipitisha meno kwenye mstari wa bega, kisha baadaye kuweka ulimi wa kupachika, yaani kipande cha peke yake kinachoingia katika matundu ya pande zote mbili. Nahodha alikuwepo siku hiyo, na alipoona nakata sehemu nzima pekee ya upande ule aligeuza uso. Namwelewa. Nami sikuifanya kazi hiyo kwa moyo mwepesi, na nilitumia karibu saa nzima kwa mkato wa sentimita chache.

Ipoksi iliyozunguka paneli ilikuwa rahisi zaidi kuiondoa, kwa sababu ile inayokauka bila kupashwa moto hulegea inapofikia joto la nyuzi 60 au zaidi kidogo. Nilitumia kifaa cha kupulizia hewa ya moto, nikikisogeza wakati wote ili mtiki usiungue, na msaidizi wangu akifuata nyuma kwa kisu cha chuma chembamba. Dirisha na mlango wa karakana vilikuwa wazi, kwa kuwa moshi wa ipoksi ni mbaya kwa mapafu. Paneli ya juu ilitoka ikiwa vipande viwili safi. Ya chini ilitoka vipande vitatu, kimoja kikiwa kimeoza ukingoni, na hapo nikaamua kwamba hiyo itatengenezwa upya.

Mbao zote zilioshwa kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, mara mbili, kwa sababu chumvi iliyobaki ndani ya mti huvuta unyevu kutoka hewani na kuufanya usikauke kamwe. Kisha zikalazwa kivulini juu ya vijiti kwa wiki tatu. Kifaa cha kupimia unyevu kilionyesha asilimia 24 karibu na mguu wa mwimo siku ya kwanza, na asilimia 15 mwishoni mwa wiki ya tatu, huku paneli ya juu ikisimama kwenye 13. Nahodha alikuja mara mbili kuulizia, na mara zote mbili nilimwonyesha kifaa badala ya kumpa ahadi. Wiki hizo tatu zilikuwa sehemu ya matengenezo sawa na gundi yenyewe.

Wakati mbao zikikauka nilifanya jaribio la gundi, ambalo naliona la lazima kwa kila kazi ya mtiki. Mti huu una mafuta yanayoulinda na maji, na mafuta hayohayo huizuia gundi. Nilichukua vipande vinne vya mtiki vilivyobaki. Jozi ya kwanza niliipiga randa jioni na kuiunganisha asubuhi yake bila kuipangusa. Jozi ya pili niliikwangua kwa msasa namba 80, nikaipangusa kwa kitambaa cheupe chenye asitoni nikibadilisha kitambaa mpaka kikaacha kutoka na unjano, na kuiunganisha muda huohuo asitoni ilipokauka. Baada ya siku mbili nilizivunja zote kwa nyundo juu ya jiriwa. Ya kwanza iliachana kwa pigo moja, nyuso zake zikiwa laini na zenye kung'aa kama zile za kona iliyoharibika. Ya pili ilivunjika kwa pigo la tatu, na gundi ilitoka imejaa vipande vya mti vilivyong'olewa kutoka upande wa pili. Nilivihifadhi vipande hivyo vinne nikamkabidhi nahodha, na naamini vilimweleza zaidi ya maneno yangu yote.

Mguu uliooza niliukata kwa mshazari, kipimo cha 1 kwa 8, maana yake kwa unene wa milimita 38 mkato ulikuwa na urefu wa takriban sentimita 30, nikauungia kipande kipya cha kiini kitupu cha mtiki ambacho ndicho sasa kinabeba tundu la ulimi wa chini. Mshazari mfupi kuliko huo ungeokoa mbao, lakini ungeifanya gundi ishike zaidi vichwa vya nyuzi kuliko ubavu wake, na gundi haishiki vizuri kwenye vichwa. Ulimi wa chini uliooza ulikatwa, na kama ilivyokuwa kwa wa juu, mahali pake pakachimbwa tundu jipya katika ubao wa mlalo ili kupokea ulimi wa kupachika. Paneli ya juu ilinyooshwa kingo zake za ufa kwa randa, na kwa kuwa hilo lilipunguza upana wake niliongeza ukanda wa mtiki wa sentimita 2 katikati. Mtu makini atauona ukanda huo. Sikujaribu kuuficha.

Upana wa paneli ndio niliouhesabu kwa uangalifu kuliko kipimo kingine chochote. Mfuo una kina cha milimita 12, nami niliiacha paneli iingie milimita 8 tu kila upande, kwa hiyo kuna nafasi ya milimita 4 kila upande kwa ajili ya kuvimba, na bado milimita 8 za kushikilia inaposinyaa. Juu na chini, ambako mti hausogei kwa kiasi cha kutaja, niliacha milimita 1. Kingo zote za paneli zilipakwa vanishi kabla ya kuunganishwa, ili kaskazi ikifika na paneli ikasinyaa usionekane mstari mweupe wa mti mtupu, na pembe zake nilizisugua nta ya nyuki ili gundi itakayofinywa kutoka kwenye ndimi isizikamate. Ili paneli isihamie upande mmoja, nilipiga kijiti kimoja cha mti katikati ya ukingo wa juu na kimoja katikati ya ukingo wa chini. Hapo paneli imeshikwa kwenye mstari wake wa kati peke yake, na husinyaa na kuvimba sawasawa kuelekea kwenye miimo yote miwili.

Siku ya kuunganisha tulianza saa kumi na mbili asubuhi kabla joto halijapanda, kwa kuwa katika kaskazi ya Tanga ipoksi iliyoachwa kikombeni huchemka yenyewe na kuganda ndani ya dakika chache. Tulichanganya kidogo kidogo katika sinia pana badala ya kikombe, kwa kipimo cha mtengenezaji na bila kukisia, maana kuongeza hadina (kile kigandishi chake) hakuharakishi ipoksi bali huiharibu. Kwanza tulipaka ipoksi nyepesi ndani ya matundu na juu ya mabega, tukaiacha inywewe na mti kwa dakika kadhaa, kisha tukaongeza ile iliyokolezwa kwa unga wa silika na unga laini wa msumeno mpaka ikasimama kama siagi. Klampu tatu zilikazwa mpaka mabega yakagusana, na hapo tukaacha. Kijana wangu aliendelea kuikaza klampu ya kati, nikamzuia, kwa sababu ipoksi ikikamuliwa yote maungio hubaki makavu, na ungio la kati lilikuwa limekwisha kuharibika mara moja kwa ukame huohuo.

Nilipima kona kwa kona nikakuta tofauti ya milimita 3. Tuliisogeza klampu ya chini iwe mshazari kidogo mpaka vipimo viwili vikalingana, kisha nikaweka fimbo mbili zilizonyooka, moja juu na moja chini ya mlango, nikazitazama kwa jicho moja kuhakikisha mlango haujajipinda. Jambo hilo la mwisho husahauliwa sana, na mlango uliopinda ukishakauka haurudi.

Klampu zilitolewa baada ya saa 24, lakini mlango haukuguswa kwa siku 7. Utando wa mafuta unaojitokeza juu ya ipoksi tuliuosha kwa maji na sabuni kabla ya msasa, kwani vanishi hukataa kukauka juu yake. Vichwa vya miimo, juu na chini, vilipakwa ipoksi nyepesi mara tatu, kisha mlango mzima ukapata mikono sita ya vanishi yenye kinga ya jua. Kati ya paneli na fremu sikuweka silikoni wala kijazio chochote, ingawa nahodha aliniomba, na hapo nilishikilia msimamo wangu mpaka akakubali. Matundu ya bawaba yaliyong'oka yalizibwa kwa vipande vya mtiki vilivyogundishwa, vikatobolewa upya, na skrubu safari hii ni za chuma kisichoshika kutu.

Nilikwenda mwenyewe bandarini kuufunga mlango, na nafurahi nilikwenda, kwa sababu nilikuta chanzo cha uozo wa mguu ambacho mlango peke yake usingenionyesha. Kizingiti cha chini kilikuwa na mfereji wa kuzuia maji yasiingie kabinini, lakini mfereji huo haukuwa na pa kutokea, kwa hiyo mguu wa mwimo ulikuwa ukisimama ndani ya dimbwi kila mvua iliponyesha. Nilitoboa matundu mawili ya milimita 8 kuelekea nje, nikapaka ipoksi ndani yake, na nikauchonga ukingo wa chini wa mlango uwe na mteremko mdogo wa kumwaga maji. Pembeni niliacha mwanya wa milimita 3 kila upande, kwani upana wa mlango sasa hukua kwa miimo miwili tu, na hiyo kwa pamoja haiwezi kuongeza zaidi ya milimita 2 hivi.

Kabla ya kuondoka nilichora mstari mwembamba wa penseli kwenye paneli ya juu, upande wa ndani, milimita 2 kutoka kwenye mwimo wa kitasa. Hiyo ilikuwa katikati ya Februari. Mwishoni mwa Mei, baada ya wiki za mvua, nilirudi na rula. Mlango ulifunguka kwa kidole, maungio yote yalikuwa yamefungana, na mstari wa penseli ulikuwa umesogea mpaka ukabaki umbali usiofika milimita 1 kutoka kwenye mwimo. Nahodha aliinama akautazama kwa muda mrefu, akaniuliza kama utarudi ulikokuwa. Nilimwambia aniite Januari, tuutazame pamoja.